Mkwe Nyuma ya Lori

Mama yangu alimjua mkwewe kwa mlio wa lori. Alikuwa akiketi kwangu anamkanda mtoto kwa maji ya moto, mara anainua kichwa, anasikiliza, halafu anasema, "Anakuja huyo." Kabla mimi sijasikia kitu, ameshajitanda kanga, amepita mlango wa uani, ameingia kwa jirani. Lori likishafika, Gaudens mume wangu anashuka na kukohoa pale nje kwa makusudi, ili kama mkwewe bado yumo ndani apate nafasi ya kutoka. Ndipo anaingia. Waliishi hivyo tangu siku ya ndoa yetu. Hakuna aliyekuwa amemwona mwenzake usoni.

Kwetu, mwanamume hamtazami mama wa mkewe. Hawali pamoja, hawaitani majina, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwingine apite. Si chuki. Mtu anavyozidi kumheshimu mkwewe ndivyo anavyozidi kumkwepa. Iko siku wazee hukaa wakaletewa nguo, wakawaondolea hali hiyo, lakini siku hiyo huja baada ya watoto kupatikana, na sisi tulikuwa tumempata mmoja tu, Kornelia, ambaye kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimedondoka. Mama, Mwamina binti Halfani, alikuwa ametoka kwao Mbekenyera kwa miguu kuja kuniuguza uzazi. Hakuweza kulala chini ya paa moja na mkwewe, kwa hiyo alilala kwa jirani yetu Zuena, mjane mcheshi aliyekuwa akiuza vitumbua. Zuena alikuwa akimtania, "Mama Mwamina, wewe ungefaa kuwa fundi wa magari. Unasikia lori likiwa bado linapakia."

Haya yalikuwa Nachingwea, mwaka wa 1950, wakati wa kambi ya karanga, Waingereza walipokuja kufungua mashamba makubwa ya karanga. Miti ilikuwa ikiangushwa kwa matrekta mpaka upeo wa macho, na watu walikuwa wametoka kila upande kufuata kazi. Watu wengi namna hiyo wanakula, na wanaokula wanatupa. Mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kuzoa taka za majiko na mabweni, na Gaudens akawa mmoja wa madereva wake wawili. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: asubuhi lori linapeleka mapipa matupu kwenye majiko, linachukua yaliyojaa, linakwenda kumwaga shimoni nje ya kambi, njia ya kwenda Ruangwa, halafu linarudi kwa mzunguko mwingine.

Gaudens alijifunza udereva jeshini, wakati wa vita, na alirudi na desturi zake. Hakuwasha gari mpaka alizunguke lote kwa miguu. Alianza taa ya kulia, akapita mbele, akainama kutazama chini ya injini, akagonga kila tairi kwa kisigino, akavuta ndoano za ubao wa nyuma, akamalizia kwenye mlango wake. Kabla ya kurudi nyuma alizunguka tena. Majivu ya jikoni hakuyapakia bila kuyamwagia maji, hata kama mpishi ameapa kwamba yamepoa tangu jana, kwa sababu aliwahi kuona lori la makaratasi likiwaka moto njiani na dereva wake hana habari, anaimba. Taka alizifunika turubai na kulifunga kamba. Mtu hakupanda juu ya mzigo, hata awe mgonjwa, hata awe nyapara. Na shimoni, ambako ardhi inateremka, tanboi wake, yaani msaidizi wake wa garini, aliweka mawe nyuma ya magurudumu kabla pipa lolote halijaguswa.

Wenzake walimcheka. Eustakio, yule dereva mwingine, alikuwa akimwuliza mbele za watu kama amedondosha kitu, kila siku kuzunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wengine walisema analiposa lile lori. Gaudens hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja tu alimjibu Eustakio, akasema, "Mimi nikizunguka leo, kesho hatutazunguka sote wawili na jeneza." Eustakio akacheka, lakini nasikia siku ile naye alishuka akatazama tairi zake.

Kulikuwa na amri nyingine aliyoiweka mwenyewe. Wanawake wengi walikuwa wakienda shimoni kuokota: makopo, chupa, magunia yaliyochanika, vipande vya mabati. Kopo la maziwa ya unga la Wazungu lilikuwa chombo cha kupigania. Ukitoboa tundu na kutia utambi, limekuwa taa. Ukilifunika vizuri, unahifadhi mbegu za ufuta na mdudu haingii. Wanawake hao walikuwa na tabia ya kulikimbilia lori likiwa bado linarudi nyuma, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Gaudens akakataa. Akawaonyesha kisiki kikubwa kilichokuwa mbele, upande ambao lori linaingilia, akasema lori lake likifika wote wasimame penye kisiki, mbele ya macho yake, awaone wote, mpaka amwage na mawe yaondolewe. Asipowaona penye kisiki hamwagi. Walinung'unika, wakazoea. Tanboi wake Mohamedi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alikuwa akipiga kelele kutoka mbali, "Akina mama, kisikini." Nao wanajibu, "Tumefika kanisani, bwana padri."

Mama hakuwahi kwenda shimoni. Angekwendaje, na mkwewe ndiye anayemwaga? Lakini Eustakio alikuwa akimwaga asubuhi na Gaudens mchana, na Zuena akamwambia kwamba asubuhi hakuna hatari, waende. Mama alitaka kopo kubwa la kuchemshia maji ya mtoto, maana debe langu lilikuwa linavuja. Mimi nilimwambia tungepata tu njia nyingine. Akasema anakwenda kunyoosha miguu, amechoka kukaa kama mwali.

Asubuhi ile walilisikia lori likipita. Mama akatega sikio, akasema, "Siyo lake. Hilo ni la yule mwingine." Na kweli lilikuwa lori la Eustakio. Mlio wake ulikuwa mzito, wa kukwaruza, tofauti kabisa na wa lile la mume wangu lililokuwa likikohoa. Wakachukua vikapu, wakaenda.

Ambalo hawakulijua ni kwamba Eustakio alikuwa amelala na homa. Gaudens aliambiwa afanye mzunguko wa asubuhi, na kwa kuwa lori lake lilikuwa limevunjika springi, akapewa la Eustakio.

Yaliyotokea shimoni nimeyasikia kwa Zuena, nimeyasikia kwa Mohamedi, na kwa miaka mingi nimeyasikia kidogo kidogo kwa Gaudens mwenyewe. Sikuwapo. Nilikuwa nimelala na mtoto ubavuni. Lakini nimeyapanga mara nyingi sana mpaka nayaona.

Lori lilifika, Mohamedi akapaza sauti. Akina mama wakaanza kwenda kisikini, wanataniana kama kawaida. Mama akawafuata hatua chache, kisha akaiona kofia ya dereva dirishani, ile kofia ya jeshi ambayo nilikuwa nikiifua mwenyewe na yeye ndiye aliyekuwa akiianua kambani. Akajua ni nani. Kisiki kilikuwa mbele kabisa ya kioo cha lori. Kwenda kule ni kwenda kusimama wazi mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, pamoja na wanawake wote wakishuhudia. Hakuweza. Upande wa pili ulikuwa mteremko wa shimo. Akarudi nyuma, akaenda mahali ambapo mapipa matupu yalikuwa yamepangwa yakisubiri kurudishwa jikoni, akachutama katikati yake na kujifunika kanga kichwani. Zuena alipogeuka hakumwona. Alidhani amekimbilia vichakani, akacheka moyoni.

Gaudens akashuka. Akaanza kuzunguka kama siku zote: taa, mbele, chini ya injini, tairi za kushoto. Alipofika pembe ya nyuma aliiona ncha ya kanga kati ya mapipa. Ilikuwa kanga ya rangi ya udongo yenye maua meusi. Ni yeye aliyeinunua dukani na kunipa nimpelekee mama, mtoto alipozaliwa.

Akageuka pale pale. Hakumaliza kuzunguka. Alirudi kwa njia aliyojia, akapanda, akafunga mlango, akatazama mbele. Alifanya ambalo mkwe yeyote mwenye malezi angelifanya: alimpa mama nafasi ya kuondoka bila aibu. Alipiga honi mara moja, kama vile nyumbani alivyokuwa akikohoa. Akangoja. Hakumwambia Mohamedi, kwa kuwa angemwambiaje? Amtume mwanamume mwingine aende akamfukuze mkwewe kati ya mapipa ya taka? Hata kumtaja ilikuwa tabu. Alingoja muda ambao nyumbani ungemtosha mama kuvuka ua mara mbili. Nyumbani alikuwa akiondoka daima. Hata siku moja hakuwahi kukohoa akamkuta bado yumo.

Lakini mama hakusikia mlango ukifungwa. Aliisikia honi akadhani ni Mohamedi anayewaita waliochelewa kisikini, na kwamba mkwewe bado yuko nje anazunguka, kwa hiyo akazidi kujikunja. Naye alikuwa anangoja. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake apite.

Mohamedi alikuwa amesimama upande wa dereva, mahali anapopaswa kusimama, anapoonekana kwenye kioo. Alitazama nyuma. Akaona mapipa. Akawahesabu wanawake kisikini kwa macho, akaona wamejaa. Akainua mkono, akaita, "Njoo, njoo, njoo." Lori la Eustakio breki zake zilikuwa za kuchelewa kushika, tofauti na alizozizoea Gaudens, na mguu wake haukuwa na mazoea ya pedali ile. Lilipita pale lilipotakiwa kusimama, likaligusa pipa la kwanza. La kwanza likalisukuma la pili. Mapipa ya chuma yakaangukia upande wa ndani, mojawapo likiwa na maji ya mvua nusu, na ndipo Mohamedi aliposikia sauti ya mtu.

Zuena anasema Gaudens aliruka kutoka mle ndani kabla injini haijazima. Aliyainua yale mapipa peke yake, hata lile la maji, na Mohamedi anakuja nyuma anamwambia taratibu, taratibu. Mama alikuwa chini, nyonga imevunjika, lakini kanga bado ameishika usoni kwa mikono miwili. Gaudens akapiga magoti. Akageuza uso wake pembeni kabisa, kama mtu anayekwepa moshi, akapitisha mikono chini ya mgongo na chini ya magoti ya mkwewe, akamwinua. Zuena aliniambia, na sauti yake siku ile haikuwa na mzaha hata kidogo, "Teodosia, nimeona maiti nyingi zikibebwa na hai wengi wakibebwa. Sijaona mtu akibebwa vile. Alikuwa amembeba na hayupo."

Walimweka mbele, kwenye kiti, Mohamedi akakaa katikati kumwegemeza. Zuena akapanda nyuma juu ya taka, na Gaudens hakumzuia. Hakukimbiza gari. Barabara ilikuwa ya makorongo, na kila shimo lingempitia mama mfupani, kwa hiyo alikwenda kwa gia ndogo, akikwepa kila jiwe, na Mohamedi anasema jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kwenye usukani. Njiani mama alisema neno moja tu. Alimwambia Mohamedi, "Mwambie mwenzako aendeshe vizuri hivyo hivyo. Anaendesha vizuri." Mohamedi akageuka upande wa kulia, akasema, "Unaambiwa unaendesha vizuri." Gaudens akasema, "Mwambie nashukuru." Wote watatu walikuwa kwenye kiti kimoja.

Hospitali ya kambi walimfunga mbao na bandeji. Daktari alisema mfupa wa mzee hauna haraka, na lililobaki ni kungoja na kumwomba Mungu. Nilikuwa nikimfunga mtoto mgongoni na kwenda kila siku. Nilisali rozari pale kitandani, na mama, ambaye alibaki katika dini ya wazazi wake nami nikabatizwa shuleni misheni, alikuwa akishika tasbihi yake. Hatukuwahi kugombana kwa hilo. Alikuwa akiniambia, "Wewe piga hodi mlango wako, mimi wangu, mwenye nyumba ni mmoja."

Gaudens aliitwa na bwana msimamizi. Akaulizwa kilichotokea, kupitia kwa mkalimani. Alisema, "Sikumaliza kuzunguka." Akaulizwa kwa nini, wakati kila mtu anajua yeye ndiye anayezunguka kuliko wote. Akarudia neno lile lile. Hakueleza kwamba nyuma ya lori alikuwa mkwewe. Labda aliona aibu kumtaja mbele ya Mzungu, labda aliona haina maana kwa mtu asiyejua. Akasimamishwa kazi.

Mjomba wangu Saburi, kaka wa mama, alifika kutoka Mbekenyera. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya ndoa ya mpwa wake, na niliogopa. Nilijua anaweza kusema niondoke na mtoto, na hakuna ambaye angempinga. Alikaa barazani kwetu, Gaudens ameketi chini mbele yake, akataka kuelezwa yote tangu mwanzo. Kwake Gaudens alieleza. Alieleza hata ile honi. Mjomba akachora udongo kwa fimbo, halafu akasema, "Baba, ulifanya adabu. Dada yangu naye alifanya adabu. Sasa mimi nimshitaki nani?" Akamwambia asubiri mgonjwa apate nafuu, halafu watakaa, nguo italetwa, na hali hiyo ya kutoonana iondolewe kabisa. Gaudens akakubali. Nilimwona anapumua.

Tangu siku hiyo Gaudens alikuwa akija hospitali kila mchana. Haingii. Anasimama nje chini ya dirisha la wodi ya wanawake, mgongo ukutani, anasikiliza kama mama anaongea au amelala. Wauguzi walimzoea. Mama naye alijua. Hakukuwa tena na lori, lakini alikuwa akisema, "Anakuja huyo," na kweli baada ya kitambo kidogo ningesikia kikohozi.

Siku moja alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Alikunywa uji akaumaliza, akaniomba nimnyanyue kidogo. Halafu akasema kwa sauti ambayo ilikusudiwa dirishani, "Teodosia, huyo anayeshikilia ukuta usianguke, mwambie aje mlangoni."

Nilitoka nikamwambia. Alikataa, nikamwambia ni yeye mwenyewe anayemwita. Akaja mpaka mlangoni, akasimama ametupa mgongo, anautazama ua wa hospitali, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, baba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Analala vizuri."

"Na kazi?"

"Bado hawajaniita."

Wagonjwa wengine walikuwa wamejifanya wamelala. Mama akasema polepole, "Baba, geuka. Mikono yako ilinibeba toka kwenye taka. Uso wangu una nini tena cha kufichwa? Geuka unitazame, nami nikuone. Nimeshakuondolea mimi mwenyewe, siyo lazima wazee."

Nilimtazama mume wangu. Mabega yake yalisogea. Nilidhani anageuka. Kweli kabisa, kisigino chake kimoja kilizunguka sakafuni.

"Kesho, mama," alisema. "Nitakuja na mjomba. Nikae chini, tufanye kwa heshima. Sitaki iwe ya mlangoni."

Mama alitabasamu, tabasamu ambalo yeye hakuliona. "Haya," akasema. "Kesho. Njoo na huyo mjomba wako mwenye fimbo."

Alipoondoka mama aliniambia kwamba nimepata mume mzuri, ila mzito wa kugeuka. Tulicheka sote wawili. Gaudens alikwenda moja kwa moja dukani akachagua nguo, mjomba akanyoa ndevu. Homa ilimpanda mama alfajiri. Nilipofika alikuwa anapumua kwa kuvuta, hanijui. Daktari alisema ni damu iliyoganda imekwenda mahali pabaya. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshatangulia.

Gaudens na mjomba walikuja wakati waliosema, wamevaa vizuri, nguo imekunjwa ndani ya gazeti. Walinikuta nje. Waliponitazama wakajua. Gaudens alitaka kuingia. Aliusogelea mlango kabisa. Lakini Zuena na wanawake wengine walikuwa wameshaanza kumwosha, na mwanamume haingii hapo, sembuse mkwe. Alisimama na ile nguo. Mjomba ndiye aliyeichukua mkononi mwake na kumpa Zuena, nayo ikatumika kumfunika juu ya sanda.

Eustakio, ambaye homa ilikuwa imemwacha, aliomba lori la mkandarasi ili tumpeleke mama akazikwe kwao Mbekenyera. Alilisafisha kwa maji na mchanga mpaka mbao zikawa nyeupe. Kabla ya kuondoka alilizunguka lote, polepole, na hakuna aliyemcheka. Gaudens alikaa nyuma karibu na jeneza, akilishika lisiteleze kwenye makorongo. Kaburini alishuka pamoja na wajomba kumpokea. Kwa mara ya pili mikono yake ilimbeba mama, na kwa mara ya pili kulikuwa na nguo katikati.

Kazi walimrudishia baadaye, maana hapakuwa na dereva wa kumshinda. Kambi ya karanga ilipopungua na watu wakaondoka, alibaki na lori la taka la mji, na baada ya hapo akawa anabeba ufuta kutoka Ruangwa na Narung'ombe. Alizunguka gari kama zamani. Lakini alikuwa amebadilika katika jambo moja, na jambo hilo lilimharibia jina. Akimkuta mwanamke yeyote karibu na gari, hata mzee, hata mwenye kujitanda, alikuwa akimwendea mpaka mbele yake na kumtazama usoni. "Mama, nakuona. Nawe unaniona? Sogea hapa." Haondoki mpaka ajibiwe. Wengine walikasirika. Huko Narung'ombe walisema dereva wa Nachingwea hana malezi, anawakodolea macho wakwe za watu. Alisikia, hakujitetea. Aliwafundisha hivyo na madereva vijana, na wao walikuwa wakiniuliza kisirisiri mzee ana nini.

Mimi nilikuwa nikimwombea. Nilimwombea na mama, kila mmoja kwa jina lake, ingawa Gaudens mpaka mwisho hakulitamka jina la mama hata mara moja. Alikuwa akisema "yule mzazi."

Mwaka mmoja, karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, tulikuwa tumekaa uani tunapeta ufuta. Kornelia alikuwa ameshakuwa msichana wa shule. Gaudens akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Yule mzazi alikuwaje usoni?"

Niliacha kupeta. Tulikuwa tumeishi miaka yote hiyo na hajawahi kuuliza. Nikamwambia. Nilimwambia alikuwa na chale mashavuni, mistari ya kulala, za zamani, zimefifia. Meno ya mbele yameachana. Paji la uso pana, na macho madogo yaliyokuwa yakianza kucheka kabla ya mdomo. Nikamwambia alikuwa na kovu juu ya nyusi, la moto, alilolipata utotoni.

Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia asiyoijua, akirudia moyoni. Kisha akauliza, "Nyusi ya upande gani?"

Nikasema, "Ya kushoto."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupeta. Hakuuliza tena, wala siku ile wala baadaye, mpaka Mungu alipomchukua. Jioni niliposhika rozari nilijaribu kumweka mama mbele yangu kama alivyokuwa kitandani siku ile alipocheka, nikalitafuta lile kovu. Nikaliona kulia. Nikalitafuta tena nikaliona kushoto. Mjomba Saburi alikuwa ameshafariki, Zuena amehamia Lindi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.